Matete ya Kupimia Treni

Watu wakiniuliza ujanani nilifanya kazi gani, nawajibu "reli", basi. Nikieleza zaidi watacheka, na mimi kuchekwa siwezi, hata zamani sikuweza. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: kulikuwa na kiwanda huko Ulaya kilichotengeneza treni ndogo za kuwekwa mezani. Kichwa cha treni kinatosha kwenye kiganja, na mabehewa yanakifuata juu ya reli nyembamba. Si vitu vya watoto. Nasema tena, si vya watoto! Wanunuzi walikuwa wanaume wazima wenye mvi, na mmoja akikuta mlango wa behewa umekaa kushoto kidogo kuliko ule wa kweli, anarudisha mzigo na kuandika matusi. Ndiyo maana kiwanda kilitaka mtu wa kwenda kwenye treni ya kweli, aipime, aichunguze rangi, aipige picha, kisha atume habari zote. Kwa Kasese, mtu huyo nilikuwa mimi.

Ilikuwa miaka ile ya hamsini, reli ilipofika Kasese kufuata shaba ya milimani. Mimi ni mtoto wa Bwera. Baba alikuwa na duka la chumvi na vitambaa karibu na mpaka, na mimi nilikuwa utingo wa lori kati ya Bwera na Kasese. Walipokuja kupima njia ya reli, Mzungu mmoja mzee alinichukua nimshikie vyombo. Alikuwa na hasira kama mimi, tukaelewana. Akanifundisha futi na inchi na jinsi ya kuchora kitu ukiwa umesimama juani. Aliporudi kwao aliwaambia wenye kile kiwanda kwamba huku yuko mtu, nao wakaniletea kamera, futikamba na maswali. Lo, maswali! Ngazi ya behewa ina upana gani? Paa la stesheni lina rangi gani baada ya mvua? Kulabu za kuunganishia mabehewa zimeelekea wapi?

Nilipanga nyumba ya vyumba viwili Kasese, upande wa mto Nyamwamba, nikakaa na mke wangu. Yeye alikuwa binti wa Wakristo wa Kyondo, wakulima wa kahawa, na kwao hawakufurahi sana alipoolewa na Mwislamu wa Bwera asiye na shamba. Lakini mahari walipokea. Tulikuwa tumezaa watoto wawili na kuwazika wote wawili kabla hawajajua kutambaa. Sasa mke wangu alikuwa na mimba ya tatu, tumbo limekwisha kuwa kubwa. Sikutaka kitu kingine duniani ila huyo mtoto, na mama yake kukaa naye nyumbani kwangu. Kama ningeambiwa chagua, treni zote za Ulaya ningezitupa mtoni.

Sasa nieleze habari ya matete, maana bila hiyo hutaelewa.

Mwanzo nilipima kwa futikamba kama nilivyofundishwa. Haikufaa. Niko peke yangu, upepo wa uwandani unaichezea, nikishika ncha hii ile inatoroka. Tena askari wa stesheni wakiona mtu anainama chini ya behewa na futikamba, wanamrukia. Siku moja nilikuwa nakwangua rangi kidogo kwenye behewa ili niitume, nikashikwa ukosi.

"Wewe! Simama hapo! Iko nafanya nini na treni ya serikali?"

"Nakwangua rangi, afande."

"Ya nini?"

"Wazungu wanataka kujua ni rangi gani."

"Wazungu gani? Si Wazungu ndiyo napaka?"

Nilikaa kwenye kijumba chao mpaka jua likageuka. Nilipotoka nilikuwa nimekwisha kupata akili. Pale Nyamwamba matete yamejaa ukingoni, na kila mtu Kasese alikuwa akipita na mzigo wa matete begani, wa kujengea ua au jiko. Hakuna askari anayemtazama mtu wa matete. Basi nikawa napita kando ya treni na mzigo wangu, naegemeza tete moja kwenye behewa kana kwamba napumzika, natia alama kwa mkaa pale paa linapoishia, natia nyingine pale mlango unapoanzia, napita zangu. Nyumbani nalilaza sakafuni na kulipima polepole kwa futikamba. Mke wangu ndiye aliyekuwa akiyafunga mafungu mafungu: haya ya kichwa cha treni, haya ya behewa la abiria, haya ya magunia. Alikuwa akiyafahamu kuliko mimi. Akiniona nimekasirika natafuta tete la ngazi, ananichokoza: "Si hilo umekalia, mume wangu?"

Akili hiyo sikuipata hewani. Niliipata kwa baba. Bwera Waislamu tulikuwa wachache, na mtu akifa, baba yangu ndiye aliyekuwa akienda kumchukulia kipimo. Analaza tete kando ya maiti, analikata sawasawa na urefu wake, na tete hilo linapelekwa kwa wachimbaji wajue kaburi liwe la urefu gani. Wakimaliza kuzika, tete linabaki humo humo kaburini. Halirudi nyumbani. Watoto wangu wawili walipimwa hivyo na babu yao, kwa vitete vidogo, na mama mkwe wangu alikuwepo siku zote mbili.

Ningekumbuka hilo? Kwa nini nikumbuke? Mimi nilikuwa napima chuma.

Kisha yakaja maswali mengine. Kiwanda sasa kilitaka watu. Walikuwa wanatengeneza stesheni nzima ya Kasese, na stesheni bila watu, walisema, imekufa. Walitaka kuli na mzigo wake, askari, mchuuzi wa ndizi, mwanamke aliyevaa kama wanawake wa hapa. Na wote wapimwe kweli kweli, maana mtu akisimama karibu na behewa na kimo chake si sawa, mzee mwenye mvi ataona.

Nikaenda stesheni kutafuta mtu wa kupimwa. Kuli mmoja alinitazama, akatazama tete, akaweka gunia chini akaondoka. Muuza ndizi aliniambia niende nikampime mama yangu. Nilirudi nyumbani nimefura. Mke wangu akasema, "Kwani mimi si mtu? Nipime mimi." Akasimama ukutani, kisigino kikigusa ukuta, anacheka mpaka tumbo linatikisika, nami namwambia tulia bwana, unanipotezea kipimo. Nikakata tete sawasawa na utosi wake. Nikachukua na uzi nikauzungusha tumboni, kwa sababu nilitaka yule mwanamke wa mezani awe kama yeye, na tumbo lake. Nilifurahi sana siku ile. Nilifikiri mke wangu atasimama kwenye nyumba za watu wakubwa wa Ulaya, anasubiri treni. Tete nikalisimamisha nyuma ya mlango pamoja na mengine.

Haikupita hata juma, mama mkwe akashuka kutoka Kyondo. Alikuja na ndizi na majani ya dawa, akae na binti yake mpaka ajifungue. Nilimheshimu yule mama. Macho yangu yalikuwa chini kila nikisema naye. Alikuwa anafagia, akafika nyuma ya mlango, akasimama. Alilitoa lile tete peke yake, akaliacha fungu lote lililobaki. Jinsi alivyolijua mpaka leo sijui. Labda mama anajua urefu wa mwanawe.

"Mkwe," akasema kwa Kiswahili chake cha mlimani. "Hii iko ya nani?"

Nami, mjinga wa mwisho, nikajibu kwa majivuno: "Hilo la binti yako, mama. Anakwenda Ulaya."

Mtume! Yule mama alipiga ukelele, majirani wakatoka nje. Alilitupa tete kana kwamba limemuunguza. Mke wangu akaja mbio, ameshika mgongo, akauliza kuna nini. Mama yake akamwambia kwa Kikonzo, lugha ya kwao, maneno machache tu. Nikaona uso wa mke wangu ukibadilika. Alitazama tete, akatazama tumbo lake, akaketi chini. Alikuwa amecheka wakati wa kupimwa kwa sababu na yeye alikuwa amesahau, kama mimi. Sasa alikuwa amekumbuka.

Nikapanda mori. Nikasema ni upuuzi, ni kazi, ni chuma na mti, kama tete linaua mbona treni haijafa? Nikapayuka hivyo mbele ya mkwe wangu, jambo ambalo halifanywi. Asubuhi nilikwenda stesheni, na niliporudi nyumba ilikuwa tupu. Alikuwa amechukua nguo za mtoto.

Nilichofanya mara moja ni kuliweka tete lile mekoni nikalichoma. Nilisema hewani, haya, liko wapi sasa? Nendeni mkalitafute!

Nilipanda lori la Bwera, nikateremka njia ya Munkunyu, nikapanda mlima kwa miguu na sukari na vitenge mkononi. Shemeji zangu walisimama mlangoni wakanizuia kwa adabu. Mama mkwe akatoka, akaketi mbali nami. Hakuwa na hasira tena, na hilo lilinitisha zaidi.

"Mkwe, haribifu iko na dawa," alisema. "Lete ile tete. Tutachimba kidogo, tutaweka na shina ya mugomba, tutafukia. Kaburi itakuwa imekula. Kisha chukua muke wako."

Alikuwa ananirudishia kila kitu, kwa tete moja tu. Na tete nililichoma mwenyewe.

Sikumwambia. Nilisema, "Nitaleta, mama." Kwa mbali, ndani ya nyumba, nilisikia mke wangu akikohoa. Nikashuka mlima nikikimbia.

Mnafikiri nilifanya nini? Nilikuwa mtafiti, bwana. Kipimo cha mke wangu nilikuwa nacho, futi zake na inchi zake, zimeandikwa. Nilikwenda Nyamwamba nikakata tete jingine, nikalipima mara nyingi mpaka macho yakauma, nikalikata sawasawa. Hata alama ya mkaa nikaitia. Hakuna mtu duniani ambaye angeweza kuonyesha tofauti ya urefu kati ya hili na lile. Nikapita Bwera kwanza, kumwomba baba afuatane nami, maana neno la mzee kwa wakwe lina uzito.

Baba alikuwa nyuma ya kaunta. Nilipomweleza, aliacha kukunja kitambaa.

"Ulimpima akiwa amesimama?"

"Ndiyo, baba."

"Mzima?"

"Alikuwa anacheka, baba."

Akasema kwenye dini hakuna kitu kama hicho, mauti ni ya Mungu, tete ni tete. Alisema vizuri kabisa, kama anavyosema msikitini. Lakini tete langu hakuligusa. "Nenda mwenyewe, mwanangu," akasema. "Mimi wale watoto niliwapima. Wakiniona mimi na tete itakuwaje?"

Nilikwenda mwenyewe. Shimo lilikuwa limekwisha kuchimbwa, shina la mgomba limelazwa kando, limefungwa kitambaa. Watu wa nyumba wamesimama. Mama mkwe alipokea tete kwa mikono miwili. Akalitazama, akalinusa. Kisha akalivunja katikati, na maji yakatoka.

"Hii iko mubichi," akasema.

Aka! Mimi na hesabu zangu zote! Kila kipimo nilikiweka sawa, na sikufikiri kwamba tete lililokaa nyuma ya mlango lazima liwe limekauka. Nilianguka chini nikamshika miguu, mimi mwanaume mwenye ndevu, nikalia, nikasema lile nimelichoma, nimelichoma, nisameheni. Kwa nini nilidhani kusema hivyo kutanisaidia? Mama mkwe alifunika uso. Shemeji mmoja akaninyanyua, akanifikisha njiani, akaniambia nisirudi mpaka waniite. Alisema kwa huruma. Ningependa angenipiga.

Siku zilizofuata sizijui vizuri. Nilikuwa naamka, nakwenda stesheni, nakaa. Treni inaingia, inapakiwa, inatoka, na mimi sipimi. Maswali ya kiwanda yalikuja nikayaacha mezani. Nilikuwa nikihesabu miezi ya mimba kwa vidole, nikifika mwisho naanza tena. Nilimuuliza kila mtu aliyeshuka kutoka Kyondo na kahawa, "Hujasikia kitu?" Wengine waliniambia hawajasikia. Baadaye wakaanza kunitazama kwa namna nyingine, kisha wakaacha kupita upande wangu. Mmoja nilipomwita alivuka barabara karibu agongwe na lori la shaba. Nilifikiri ni habari ya tete imeenea. Nilifikiri naitwa mchawi.

Mwishowe sikuweza kungoja. Kuitwa au kutoitwa, nikapanda.

Ilikuwa asubuhi baada ya mvua, watu wako mashambani. Mwanamke wa kwanza niliyekutana naye aliangusha jembe, akakimbilia chini ya bonde bila hata kupiga kelele. Mzee mmoja aliyekuwa akinijua toka siku ya mahari alisimama, akafanya alama ya msalaba, akarudi nyuma polepole bila kuondoa macho. Nikamwambia, "Mzee, ni mimi!" Akaanza kusali kwa sauti. Nikakasirika. Nikaona huku wote wamepagawa, nami ndiye mzima peke yangu.

Sikufika nyumbani kwao. Mke wangu alikuwa kwenye kahawa, ameinama. Alipoinuka nikaona kichwa chake kimenyolewa, na amefungwa kamba ya mgomba kiunoni kama mfiwa. Nilifikiri mtoto amekufa.

Yeye hakukimbia. Alitazama huku na huku, akanivuta ndani ya miti ya kahawa, akanikalisha chini, akaketi mbele yangu. Tumbo halikuwepo.

"Yuko hai," akasema. "Wa kiume. Ananyonya vizuri."

Nililia. Nilimshika mikono, akaniachia. Nikamwambia basi twende, twende leo hii, treni nimeacha, tutakaa Bwera, nitalima, nitafanya lolote. Akaniacha nimalize.

"Mimi ndiye niliyeomba kuondoka Kasese," akasema. "Si mama. Mama alitaka tubaki tulizike lile tete palepale uani. Mimi niliogopa." "Ulipochoma tete nilijua hakuna cha kuzika tena. Kipimo kimetoka na kaburi linangoja. Ni mimi au ni huyu, maana ulitupima pamoja. Nilikaa siku zote za uchungu nafikiri jambo hilo moja. Wawili wamekwenda, mume wangu. Huyu sikuweza kumtoa."

"Kwa hiyo?"

"Nikasema ni wewe. Nilisema habari zimekuja kutoka stesheni, treni imekukanyaga ukiwa unaipima. Wamekulilia. Baba yangu amechinja. Kanisani wamekuombea, ingawa u Mwislamu."

Nilitaka kukasirika. Nilitafuta hasira mahali inapokaa siku zote, sikuikuta. Nikamwambia desturi hiyo haipo, kwenu haipo, kwetu haipo, hakuna mahali popote mtu anakufa kwa maneno ili mwingine apone. Akasema anajua haipo, ameitunga mwenyewe. "Lakini mtoto alizaliwa kesho yake," akasema, "na mpaka leo hajaugua hata siku moja."

Nilikuwa nimewaona wale wawili wakiugua.

Nikamwomba nimwone tu, mara moja, kwa mbali. Akatikisa kichwa. Alisema nikiingia uani watu wakaniona nimesimama na miguu yangu miwili, kaburi litajua halijapata kitu. Alisema hivyo kwa upole, akinifuta matope kwenye goti, kama alivyokuwa akifanya nilipotoka kazini.

"Niambie basi," nikasema. "Amefanana na nani?"

Kwa mara ya kwanza toka siku ile niliyompima ukutani Kasese niliona anakaribia kucheka.

"Amefanana na marehemu baba yake," akasema.

Kisha mtoto akalia kule nyumbani, sauti ya mtoto mwenye nguvu, na yeye akainuka haraka akaenda. Nilingoja mpaka mlio ukatulia. Nikashuka kwa njia ya nyuma, ya migombani, nikiinama nisionekane na mtu.